Waya wa Pasi Uliochubuka Hautengenezwi kwa Tepu

Pasi nyingi ninazoletewa hapa Kisumu zina kasoro moja: waya umechubuka pale unapoingia kwenye mpini, na mwenyewe ameuzungushia tepu nyeusi akaendelea kupiga pasi. Tepu hufunika shaba iliyo wazi, lakini haiungi nyuzi zilizokatika ndani. Zile chache zilizosalia hubeba umeme wote, hupata joto kali, na joto hilo hulainisha gundi mpaka tepu ifunguke yenyewe. Napinga kabisa mtindo huo, hasa kwenye nyumba yenye watoto.

Chomoa plagi kwanza, kwa maana kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Pasi ikishapoa, fungua kifuniko cha nyuma, piga picha inayoonyesha kila waya umefungwa wapi, kisha ukate sehemu yote iliyochubuka na sentimita chache zaidi. Ukimenya mpira, itazame shaba kwa makini: ikiwa inang'aa, umefika pazima, ikiwa imekuwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata, kwani moto au unyevu umepenya ndani. Waya ukibaki mfupi mno, nunua mwingine badala ya kuunganisha katikati, na uchague ule uliovikwa kitambaa, kwa sababu wa plastiki ya kawaida huyeyuka ukigusa bamba la pasi. Kwa pasi ya wati 2000, ambayo kwa volti 240 huvuta ampea 8 na kitu, unene wa milimita 1 ya mraba unatosha.

Katika kufunga, wa kahawia ni laivu (unaoleta umeme), wa buluu ni nyutro (unaourudisha), na wa kijani na manjano ni ethi (wa usalama, unaoupeleka ardhini umeme uliovuja). Uache wa ethi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa nguvu, huo uwe wa mwisho kuchomoka. Kibano kinachoshikilia waya ndani ya pasi nacho kikamate ganda la nje, wala si nyaya ndogo za ndani. Mafundi wengi hupuuza jambo hili, na pasi hurudi na ugonjwa uleule.

Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita ya umeme, ukiiweka kwenye kipimo cha mlio, ambacho hulia umeme ukiwa na njia ya kupita. Kati ya mguu mrefu wa plagi, yaani wa ethi, na bamba la pasi, mita ilie. Kati ya bamba na kila mmoja wa miguu mifupi, inyamaze. Ikilia hapo, umeme una njia ya kufika kwenye bamba, na pasi hiyo haifai kuwashwa mpaka ifunguliwe tena.