Je, wajua kwa nini mzunguko mmoja wa dunia hauchukui saa 24 kamili?

Mwanafunzi akiulizwa mzunguko wa dunia huchukua muda gani, anaweza kujibu saa 24, mwenzake akajibu siku 365 na robo, na mwalimu akalazimika kuwapa wote wawili alama. Kosa limo ndani ya swali lenyewe, kwa sababu jina mzunguko, lililotokana na kitenzi zunguka, hutaja mwendo wa kitu kinachogeuka papo hapo kilipo na pia mwendo wa kitu kinachopita kandokando ya kingine hadi kikarudi kilipoanzia.

Vitenzi ndivyo vinavyotutoa gizani. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, tukapata usiku na mchana. Dunia hulizunguka jua, tukapata mwaka. Kiambishi -ji- katika kitenzi cha kwanza kinaonyesha kwamba mtendaji ndiye mtendwa, ilhali -li- katika cha pili kinaashiria kwamba katikati kuna kitu kingine, yaani jua.

Hata hizo saa 24 zinahitaji maelezo. Tukipima kwa kutazama nyota za mbali, dunia hukamilisha kujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini wakati huohuo inakuwa imesogea katika njia yake ya kulizunguka jua, kwa takriban nyuzi moja kila siku, kwa hiyo hulazimika kugeuka kwa muda wa dakika 4 hivi zaidi ndipo jua lionekane tena mahali lilipokuwa jana saa sita mchana. Siku tunayoihesabu kwa saa zetu, basi, imetokana na mizunguko yote miwili. Mwezi nao una ajabu yake: hujizungusha kwa siku 27.3 na kuizunguka dunia kwa siku hizohizo, ndiyo maana hutuonyesha uso uleule daima.

Mtu aliyesimama Nanyuki, mji unaopitiwa na ikweta, huchukuliwa na dunia kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa bila kupata kizunguzungu, neno jingine la mzizi huohuo. Mwendo huo ni wa kasi isiyobadilika na mgeuko wake ni wa polepole mno. Mtoto anayejizungusha uwanjani hugeuka haraka kisha akasimama ghafla, huku majimaji yaliyo ndani ya sikio lake yakiendelea kusogea na kuudanganya ubongo kwamba bado anazunguka.

Katika kilimo cha mzunguko hakuna kinachogeuka. Shamba lililobeba mahindi msimu huu hupandwa maharage msimu unaofuata, ambayo mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, na wadudu waliozoea mahindi hukosa chakula. Hapa mzunguko umekuwa na maana ya kupeana zamu, na kwa maoni yangu, tunapozungumzia watu, ni heri kutumia zamu au kupokezana. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hupokezana uenyekiti. Ukisema uenyekiti wa mzunguko utaeleweka, ila msomaji anaweza kudhani kwamba kinachozunguka ni kiti.