Hofu na hasira za watu mitandaoni wakati wa mlipuko wa ugonjwa zinapimwaje? Maswali na majibu

Swali: Hivi wataalamu wa afya wanahangaika nini na hisia zetu mitandaoni, si watibu tu wagonjwa?

Jibu: Kutibu wanatibu, ila ugonjwa ukilipuka watu wengi wanaamua kwa hisia kabla hata tangazo halijawafikia. Mwenye hofu anaweza kukimbilia dawa aliyoisoma kwenye grupu, mwenye hasira hataki kumsikia daktari yeyote, aliyechoka yeye anaacha tahadhari kimyakimya. Na kila mmoja anajibiwa kivyake, mwenye hofu anataka aambiwe afanye nini leo, ila mwenye hasira ukimwambia tena anawe mikono unamzidishia tu, yeye anataka kwanza kujua kwanini alifichwa. Februari 2020 mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema wanapambana na mlipuko wa taarifa pia, sio ugonjwa peke yake, na shirika hilo likaja kutengeneza mfumo wa kusikiliza mitandao unaitwa EARS.

Swali: Kwahiyo kuna mtu amekaa anasoma posti zetu moja moja?

Jibu: Haiwezekani bana, ni nyingi mno, kompyuta ndo inasoma. Njia rahisi ni orodha ya maneno, "naogopa" linaenda kwenye hofu, "nimechoka nao" kwenye hasira, halafu wanahesabu. Njia nyingine watu wanawekea alama maelfu ya posti, hii hofu hii furaha, programu inajifunza humo. Zote mbili zinagonga mwamba kwenye kejeli. Mtu akiandika "hongereni sana kwa kutujali, chanjo imeisha na nyie mmelala" programu ya hovyo inaona hongereni, inaandika furaha! Emoji ya kucheka nayo vilevile, kuna anayecheka kwa sababu kulia kumemshinda. Kiswahili chetu cha mtandaoni, nusu kifupisho nusu lugha nyingine, ndo kabisaaa, japo mwaka 2023 ilitoka AfriSenti, mkusanyiko wa twiti zenye alama za hisia kwa lugha 14 za Afrika na Kiswahili kimo.

Swali: Kupima hivi kumeshawahi kuonyesha kitu cha maana?

Jibu: Ndio. Watafiti wa China walichukua posti za watumiaji 17,865 wa Weibo, mtandao wa kijamii wa huko China, wakalinganisha kabla na baada ya tarehe 20 Januari 2020, siku China ilipotangaza kuwa COVID-19 inaambukiza mtu kwa mtu, wakaona dalili za wasiwasi na hasira zimepanda na kuridhika na maisha kumeshuka.

Swali: Na iliyofeli je?

Jibu: Google Flu Trends, mfumo wa Google wa kukadiria wagonjwa wa mafua, ilianza 2008. Hiyo ilikuwa inaangalia watu wanatafuta nini Google, sio hisia, ila funzo ni lilelile. Msimu wa mafua wa 2012/2013 ilikadiria wagonjwa wengi mno kuliko waliokuwepo kweli, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba habari za mafua zilitisha watu, wazima nao wakaingia kutafuta dalili. Yaani ilipima hofu ikadhani ni homa. Google waliifunga 2015.

Swali: Sasa wakisoma posti zangu watajua nina sonona?

Jibu: Hapana, na anayekuambia hivyo muulize vizuri. Kipimo hiki ni cha kundi, kinaonyesha upepo unaelekea wapi, hakimpimi mtu mmoja. Kama wiki ya pili hii hulali au kazi hazifanyiki nenda ukaonane na mtaalamu, usisubiri programu ikugundue.

Swali: Asiyeposti anahesabiwaje?

Jibu: Hahesabiwi, na hapa mimi ndo naona tatizo kubwa kuliko hata kejeli. Bibi asiye na simu janja hayupo kwenye hiyo grafu, aliyeishiwa bando hayupo, mgonjwa aliyezidiwa hayupo, wakati akaunti feki moja inaweza kuposti mara mia kwa siku na zote zikahesabiwa kama hasira ya wananchi. Ndo maana wanaojua kazi hawaishii kwenye grafu, wanaangalia na simu zinazopigwa kituo cha huduma ya wateja cha afya watu wanauliza nini, na wanawauliza wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba.