Uliza kwanza mzee alikuwa fundi wa nini

Kila inapokaribia tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, simu yangu haipumziki. Wanapiga watu wa kwaya, vyama vya akina mama, vijana wa vyuo, wafanyakazi wa ofisi fulani waliochangishana. Swali lao ni moja: tukienda makao ya wazee, ukiacha sabuni, unga na sukari, tufanye nao nini? Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Kazi yetu ni kumsaidia mtu aliyepungukiwa nguvu, viungo au kumbukumbu aendelee kufanya mambo yaliyo na maana kwake, na wazee wanaolelewa kwenye makao ndio ninaoshinda nao zaidi. Kwa hiyo haya ni majibu yangu, marefu kuliko yale ya simuni.

Ratiba nyingi ninazoonyeshwa zinafanana. Mzee anakalishwa kwenye kiti, wageni wanaimba, wageni wanacheza, mzee anapiga makofi, picha zinapigwa, soda zinagawiwa. Sina ugomvi na soda. Lakini hiyo ni ziara, na aliyefanya kazi siku hiyo ni mgeni. Shughuli ninayoitaka mimi ni ile ambayo mzee asipokuwepo, pengo linaonekana. Kuchambua mchicha utakaopikwa mchana huo ni shughuli, kwa sababu asipouchambua mtu mboga hailiki. Kusikiliza kwaya, hata iwe kwaya ya kutoa machozi, bado ni kusikiliza tu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Ila huku Tanzania Bara, makao ya serikali hayapokei kila aliyefika umri huo. Wanaoingia ni wale wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Ndani utakutana na watu wa kila namna: aliyetoka Burundi au Msumbiji ujanani akaja kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge na hakurudi tena kwao, mvuvi, mpishi wa nyumba za wakubwa, utingo wa lori, mkunga wa jadi. Ukiwapangia wote mchezo mmoja wa kurusha mpira, umewafanya watoto wa chekechea.

Ndiyo maana naanza na mahojiano, tena ya mmoja mmoja. Wala siulizi “unapenda kufanya nini?” Wazee wetu wana adabu. Atakujibu “chochote tu, mwanangu,” na hapo hujapata kitu. Nauliza: zamani ulikuwa unaamka saa ngapi, na ukishaamka unaanza na nini? Kazi hiyo nani alikufundisha? Wewe ulimfundisha nani? Swali la mwisho ndilo linaloniletea shughuli, maana mtu aliyewahi kufundisha anaweza kufundisha tena, hata akiwa amelala kitandani.

Mikono naiangalia pia kabla sijaandika ratiba. Baadhi ya makao yetu yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na wazee kadhaa wanaoishi humo walishapona miaka mingi iliyopita. Hawaambukizi. Kilichobaki ni vidole vilivyokunjika au kukatika, na ngozi isiyohisi. (Mgeni anayemwamkia mzee huyo huku kaficha mikono mfukoni, mzee anamwona.) Kwa mtu asiyehisi, hatari hazifanani na zetu. Kikombe cha chai ya moto, mpini wa jembe wenye ufa, sindano ya kushonea: anaumia na hajui. Hivyo jikoni anapewa kazi mbali na moto. Mpini tunauzungushia kitambaa au mpira wa baiskeli uwe mnene, ashike kwa kiganja kizima. Na shughuli ikiisha, mimi au mhudumu tunaitazama mikono yake na nyayo, kama kuna lengelenge au mchubuko. Hilo limo ndani ya shughuli yenyewe, kwa hiyo litengewe dakika zake.

Kwa wanaume wengi, hasa wa pwani, hakuna kinachoshinda bao. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza mchezoni moja moja. Hesabu iliyomo humo ingemtoa jasho kijana wa chuo, na mzee anaifanya huku akipiga soga. Bao linarekebishika vizuri. Kwa mwenye vidole vilivyokunjika, nachongesha bao la mashimo mapana zaidi na kutafuta kete kubwa. Asiyeweza kabisa kuokota anaelekeza, na mwenzake anasambaza kete kwa niaba yake. Asiyeona vizuri anapapasa. Hapa nitajipinga kidogo: mtazamaji wa bao simhesabu kama msikilizaji wa kwaya. Yule anayesimama nyuma na kupiga kelele “hapo umekwisha!” yumo mchezoni, na ukimnyamazisha umeua kikundi.

Akina bibi wengi hawataki bao, nami siwalazimishi. Wale waliokulia Tanga, Pwani au Lindi, wawekee miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, katikati uone. Kusuka ukili, ule utepe unaoungwa kuwa mkeka, kunahitaji vidole, lakini mkeka una kazi nyingi kabla na baada ya kusuka: kuchana miyaa, kuipanga kwa urefu, kuitia rangi, kukunja ukili uliokwisha kusukwa, kuunga. Bibi asiyeweza kusuka anapanga. Asiyeweza kupanga anachagua rangi zipi zikae pamoja, na tabia za watu utaziona hapo, maana kuna wanaolitaka hilo jukumu kwa ugomvi.

Siri yenyewe iko hapo. Shughuli moja, ngazi tatu au nne za ugumu, wote mezani pamoja. Maharage ni mfano rahisi. Mmoja anatoa mawe na yaliyotobolewa, mwingine anapima kwa kikombe, wa tatu ambaye mikono imekataa anaulizwa haya yatachukua muda gani motoni, yalowekwe au yasilowekwe. Usiwatenge wenye nafuu upande huu na wagonjwa upande ule. Wakitengwa, wa upande ule wanajua wamewekwa wapi.

Kwa wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu, Uingereza walitengeneza utaratibu wa vikundi vya kuchangamsha akili: vikao 14, viwili kwa wiki, kwa wiki 7, kila kikao na mada yake kama vile chakula, utoto, sauti, pesa. Utaratibu huo ulijaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, na matokeo yakachapishwa 2017. Kabla ya hapo ulibidi ufanyiwe marekebisho, kwa kuwa mazoezi yanayotegemea kusoma na kuandika hayamfai mzee ambaye hakupelekwa shule. Nausifia utaratibu huo kwa kanuni yake moja hasa: uliza maoni, usiulize kumbukumbu.

Chukua mada ya pesa. Naweka sinia lenye sarafu za zamani: senti zenye tundu za enzi za mkoloni, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Nikiuliza “hii ni ya mwaka gani?” nimempa mtihani, na akishindwa mbele ya wenzake wiki ijayo haji. Nikiuliza “hii sungura ilikuwa inatosha kununua nini?” kila mtu ana jibu, hakuna aliyekosea, na mabishano ya bei ya kibaba cha mchele yananimalizia kikao. Sentensi inayoanza na “unakumbuka…” nimeifuta kabisa kinywani, na wahudumu nawaomba wafanye hivyohivyo.

Muziki nao una hesabu yake. Nyimbo zinazong’ang’ania kichwani hadi uzeeni ni zile za ujana. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa na miaka 20 katikati ya miaka ya 1960, kwa hiyo mwili wake unaitikia dansi ya NUTA Jazz, Western Jazz au Morogoro Jazz, au ngoma ya kwao kijijini. Wageni wanakuja na spika na nyimbo za juzi, halafu wanashangaa wazee wamesinzia. Na redio isiwashwe kutwa nzima. Kwa anayesikia kwa shida, ile ni kelele inayofunika maneno ya jirani yake.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha wazungu nilichosomea: utani. Mzaramo na Mnyamwezi ukiwaketisha meza moja, nusu ya kazi yangu imekwisha. Nimeona mzee aliyenyamaza tangu asubuhi akiinua kichwa ili tu amjibu mtani wake. Ila mwongozaji mwenyewe asijifanye mtani kama si mtani. Utani una wenyewe.

Mengine niyapitie haraka. Saa nne asubuhi, baada ya chai, ndiyo saa nzuri. Jioni wenye usahaulifu huanza kuhangaika na kutaka “kwenda nyumbani”. Watu sita hadi wanane wanatosha, kwa dakika 45 au pungufu. Wapitishe chooni kwanza. Viti viwe na mahali pa kuegemeza mikono. Mwongozaji asikae kaligeuzia dirisha mgongo, kwani uso wake unakuwa giza na mwenye masikio mazito hauoni mdomo. Shikamoo itolewe kwa kila mmoja, usisimame mlangoni ukawarushia wote kwa pamoja. Anayekataa kushiriki mwachie kiti karibu na mlango, asibembelezwe. Ijumaa panga ukijua kuna swala.

Tukimaliza naandika daftari, mistari michache tu: nani alikuja, alifanya nini, alikaa karibu na nani, nani alichoka mapema. Sitoi alama. Natafuta mabadiliko. Mzee wa bao aliyeanza kusogeza uso karibu na mashimo huenda ana mtoto wa jicho. Bibi anayeacha kujibu akiitwa kutoka kushoto, sikio la kushoto litazamwe. Mara nyingine ni nta tu. Na mtu aliyekuwa hakosi, akikosa mara mbili mfululizo, sianzi kubadilisha shughuli. Naenda chumbani kwake, namwomba nimtazame miguu na kinywa, halafu namwita muuguzi.