Reli ya Uganda Ilipoishia Gatini Kisumu

Wanafunzi wanapotutembelea hapa Kisumu, swali huwa lilelile: reli iko Kenya, mbona iliitwa Reli ya Uganda? Sehemu ya jibu ni mpaka. Njia ilipofika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, mji huu ulihesabiwa kuwa Uganda. Ulihamishiwa upande wa pili, ule wa Kenya ya leo, Aprili 1902. Lakini jambo ambalo ningependa wanafunzi waondoke nalo ni jingine. Aliyekuwa akienda Entebbe alishuka treni hapa akiwa bado hajafika. Ziwa lilikuwa mbele yake, na safari ilimaliziwa kwenye stima.

Na stima ilitangulia treni. SS William Mackinnon iliundwa Scotland mwaka 1890, ikafumuliwa tena vipande vipande ili isafirishwe. Katika kazi ya namna hii, kila bamba la chuma hupigwa alama, fundi wa huku ajue linakaa wapi. Kutoka pwani wapagazi wakavibeba vipande kuja bara. Mzigo wa kawaida wa mpagazi zama zile ulikuwa kama kilo 30, na chuma si kama nguo: hakikunjiki, kona yake inakula bega, na juani kinawaka. Bamba moja likipotea porini, ubavu wa meli unabaki wazi. Majina ya wenye meli yameandikwa kila mahali. Ya waliobeba hayamo, na hilo linaniuma kila ninaposimulia. Meli ilishushwa majini hapa Kisumu mwaka 1900.

Neno mataruma lenyewe limebeba historia hii ya reli na meli. Mataruma ni mbao za ndani ya chombo cha baharini, na ndilo jina lililopewa pia magogo yanayolaliwa na reli.

SS Winifred ilifuata mwaka 1902, kisha Sybil, Clement Hill na nyingine. Boila zake zilikula kuni, kwa hiyo bandari zilijaa matita. Makuli walipakua robota za pamba ya Uganda na kuzipandisha kwenye mabehewa ya kwenda Mombasa. Shehena iliyopanda stima kwenda ng'ambo ilipita mikononi mwao vilevile. Kila mzigo ulibebwa mara mbili, na kazi hiyo ilivuta watu Kisumu kutoka vijiji vya mbali.

Mambo yakageuka Nakuru. Reli mpya ilichepuka pale, ikafika Eldoret mwaka 1924, na daraja la Mto Nile pale Jinja lilipokamilika, treni zikaingia Kampala mwaka 1931 bila kugusa ziwa. Kisumu ikawa tawi.

Mwaka 1966 ikaja MV Uhuru, nayo ikiwa vipande kutoka Scotland, ikaunganishwa hapahapa. Sitaha yake ina reli. Mabehewa yanasukumwa kutoka gatini yakiwa na mzigo wake ndani, yanafungwa kwa minyororo, na kule Port Bell, bandari ya Uganda, yanavutwa nje yakiwa hayajafunguliwa mlango.