Dhahabu iliyo ndani ya kipimo cha mimba

Wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo huwa nawaanzia na swali: humu ndani dhahabu iko wapi? Wote hugeukia mashine kubwa. Mimi nachukua kipimo cha mimba cha mkojo, kile cha duka la dawa.

Ule mstari mwekundu si wino. Ni chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho humeza mwanga wa kijani, jicho likabaki kuona wekundu. Chembe zimevikwa kingamwili, yaani protini zinazonasa hCG, homoni ya mimba. Mkojo unapanda kwenye karatasi ukizibeba hadi kwenye mstari, ambako kingamwili nyingine zinangoja. Homoni ikishikwa pande zote mbili, dhahabu inakwama hapo na mstari unajichora. Dakika tano, umemaliza.

Sasa, hCG ni kiashiria cha saratani pia. Koriokasinoma, saratani ya seli za kondo la nyuma, huimwaga kwa wingi. Ukibadilisha kingamwili, ukanda wa namna hiyohiyo utasaka viashiria vingine vya saratani: PSA ya tezi dume au AFP ya ini.

Kasi basi tunayo. Kinachoninyima usingizi ni kingine.

Niliwahi kuletewa mkojo wa mama anayetokwa damu, tumbo kubwa kuliko umri wa mimba. Mstari ulitoka hafifu, wa kubabaisha. Nusura niandike hana mimba. Nikazimua mkojo uleule mara mia, nikarudia. Mstari ukawaka! Ultrasaundi ikaonyesha mimba zabibu, yaani kondo limekua vibaya kama kichala cha vifuko vya maji, na huweza kugeuka koriokasinoma.

Kipimo huanza kuona hCG kwenye miliuniti 25 kwa mililita, lakini mimba zabibu huweza kuvuka laki tano. Homoni ikifurika hivyo, kingamwili za dhahabu zinajaa, za kwenye mstari nazo zinajaa, kila moja na homoni yake. Hakuna iliyobaki wazi ya kuunganisha, kwa hiyo dhahabu inapita tu. Mgonjwa zaidi, mstari hafifu zaidi.

Ndiyo maana mtu akiniletea kihisi kipya cha saratani, swali langu la kwanza ni kinafanyaje sampuli ikifurika. La pili ni namba. Baada ya kusafishwa kizazi, mama wa mimba zabibu hufuatiliwa hCG kwa miezi, tukitazama kama inashuka, imeganda au inapanda tena. Mstari mwekundu wa ndiyo au hapana hauwezi kunijibu hilo.