Orodha yetu ya majarida ilikufa mara moja, sasa ina wenyewe wawili

Saa tatu usiku simu ikalia, namba siijui, nikajua tu ni musawo, yaani daktari, maana watu wengine hawanitafuti saa hizo. "Mama Maktaba, samahani kwa usumbufu, niko Nakasongola huku, natafuta matoleo ya zamani ya East African Medical Journal, yale ya miaka ya sitini, nataka kuona waliandika nini kuhusu kidonda cha Buruli." Nikacheka kidogo kwa sababu yuko pale pale Buruli penyewe, ugonjwa ulipewa jina la kwao, lakini kusoma ulivyoandikwa zamani lazima apige simu Kampala. Nikamwambia musawo nipe mpaka kesho.

Wakati huo orodha yetu ya pamoja ya majarida, yaani ile inayoonyesha maktaba gani ina jarida gani na kuanzia mwaka gani, ilikuwa ni PDF ya zamani inazungushwa kwenye grupu la WhatsApp. Ikaniambia maktaba mbili zinalo. Asubuhi nikapigia ya kwanza, mwenzangu akaenda kwenye rafu akarudi akaniambia dada, hapa linaanzia 1974, nyuma ya hapo hakuna. Ya pili wakatafuta nusu saa, wakapata majuzuu mawili ya Kenya Medical Journal yenye vumbi la kutosha kupanda mihogo. Matoleo yenyewe niliyokuwa nayatafuta nilikuja kuyakuta siku tatu baadaye kwenye maktaba ya tatu, dakika kumi kwa boda kutoka nilipo, na kwenye orodha yalikuwepo muda wote ila yameandikwa "E.A.M.J." huko chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia.

Kwa msiojua, mimi ni mkutubi wa maktaba maalum, upande wa afya. Maktaba maalum ni zile zilizo ndani ya hospitali, taasisi za utafiti, mahakama, wizara, mashirika, sio za shule wala za umma. Mara nyingi ni chumba kimoja na mkutubi mmoja, na bosi wako ni daktari au mwanasheria ambaye kwa moyo wake mzuri anaamini kazi yako ni kupangusa vitabu. Ukiugua, maktaba imeugua. Ndo maana tuna chama, kidogo tu, hatufiki hamsini, kuna wa Entebbe, wa Mbarara, wa Gulu, wa Arua, na kwenye grupu tunaandika Kiswahili kwa sababu ndo lugha ambayo hakuna anayemshinda mwenzake. Wazee wetu waliosoma ile shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki pale Makerere, iliyoanza 1963, hawachoki kutukumbusha kwamba enzi zao darasa moja lilikuwa na Mkenya, Mtanzania na Mganda.

Sasa hiyo orodha ilikufaje? Naeleza kwa sababu nimeona vyama vingine vikifa vile vile na kila mtu anasema tatizo ni pesa, na kwetu pesa ilikuwepo. Mfadhili alitoa, tukafanya warsha ya siku mbili, tukala posho na nyama tukapewa na ile posho nyingine ya kutia mfukoni (Watanzania wakisikia posho wanafikiria hela, sisi huku tunafikiria sahani ya ugali, siku ile zilikuja zote mbili), tukapiga picha, kila mtu akaja na karatasi za majarida yake yakaingizwa kwenye faili moja la Exceli. Mwenyekiti akatoa hotuba nzuri sana. Faili likakaa kwenye laptopu ya katibu. Laptopu ilikuwa ya ofisi yake. Katibu alipohama kazi ofisi ikachukua laptopu yake, na mtu wa kompyuta, kama walivyo watu wa kompyuta, akaifuta yote ampe mfanyakazi mpya, tukabaki na ile PDF tu. Hakuna aliyefanya ubaya hapo, kila mmoja alifanya kazi yake vizuri tu.

Tovuti nayo ilikuwa imeandikishwa kwa barua pepe ya binafsi ya kiongozi mmoja wa nyuma ambaye alishaenda kusoma nje. Ilani za kulipia jina la tovuti zikawa zinaenda kwenye hiyo barua pepe, yeye hazioni, sisi hatujui, mwaka ukaisha, mtu akalinunua. Kwa muda mrefu ukiandika jina la chama cha wakutubi unakutana na kubeti mpira. Nilipigiwa simu na bosi wangu kuulizwa kama ndo kazi tunayofanya kwenye mikutano.

Ada za wanachama je? Zilikuwa kwenye laini ya simu ya mweka hazina, kwa jina lake, kwa kitambulisho chake. Mama wa watu mwaminifu kabisa, alitunza kila shilingi, lakini siku aliposema nimechoka nipumzisheni tukagundua hatuwezi kumpumzisha bila kwanza kumpeleka benki tukafungue akaunti ya saini tatu. Nusu mwaka.

Kwa hiyo ukiniuliza uongozi kwenye chama kama chetu ni nini nitakwambia ni nani ana paswedi. Kwetu uchaguzi wa mwenyekiti huwa moto, watu wanapiga kampeni utafikiri ni ubunge, lakini ukifika ukatibu kila mtu anaangalia dari. Na kazi yote iko kwa katibu! Mwenyekiti anaweza kusafiri miaka miwili yake yote orodha isitetereke hata kidogo, katibu akipoteza simu chama kimesimama.

Tulipoamua kuifufua tulianza na jambo ambalo wakutubi tunapaswa kuona aibu kwamba hatukuanza nalo tangu mwanzo, yaani ISSN, ile namba ya tarakimu nane iliyo kwenye jalada la jarida. Kwenye ile PDF, East African Medical Journal ilikuwa imeandikwa kwa njia sita, na ya saba ni hiyo Kenya Medical Journal, ambayo kusema kweli ndo jarida lenyewe lilivyoitwa lilipoanza 1923, kabla halijabadilishwa jina na kuwa la Afrika Mashariki nzima. The Lancet wengine wameiweka kwenye T wengine kwenye L. Majina yanadanganya, namba haidanganyi, au ikidanganya unaikamata.

Kuikamata ni hivi. Chukua 0012-835X, hiyo ni ya East African Medical Journal. Acha ya mwisho, chukua saba za kwanza, ya kwanza zidisha kwa 8, inayofuata kwa 7, ushuke hivyo hivyo mpaka ya saba ambayo unazidisha kwa 2. Unapata 0, 0, 6, 10, 32, 9, 10. Jumla ni 67. Gawanya kwa 11, inabaki 1. Toa hiyo 1 kwenye 11, unapata 10, na kwa vile kumi haienei kwenye nafasi ya tarakimu moja wanaandika X. Ndo hiyo X. Nusu ya wenzangu walikuwa wanaifuta wakidhani kidole kiliteleza, mmoja aliweka sifuri mahali pake, na tulipoweka fomula ya kukagua kwenye faili mistari yao yote ikawa myekundu siku moja, simu zikaanza kuingia, "dada mbona umenipaka damu?" Halafu kuna Exceli yenyewe, ukiandika namba bila kistari inakula sifuri za mbele, 0140-6736 ya The Lancet inabaki 1406736, tarakimu saba, na mtu anakuapia kwamba hivyo ndivyo alivyoiona kwenye jalada. Dawa ni kuifanya safu nzima kuwa maandishi kabla hujaandika chochote. Jarida likibadilisha jina lipewe mstari wake peke yake na tunaandika pembeni liliitwaje kabla, ili yule musawo akitafuta la zamani aelekezwe.

Hiyo ni ufundi, inafundishika asubuhi moja. Kilichotutoa jasho ni kumfanya mtu wa Arua, aliye peke yake, bila msaidizi, umeme unakatika, alete taarifa za majarida yake kila baada ya miezi mitatu bila kulipwa. Hapo ndo nilijifunza kitu kwa kuwaangalia wenzetu wa vyuo vikuu. Wao wana muungano wao, CUUL, wanachanga pamoja kulipia majarida ya mtandaoni, na ule mchango wenyewe ndo kamba inayowafunga, chuo kisipochanga wanafunzi wake wanalala njaa. Sisi hatuna kamba ya hivyo. Usipoleta orodha yako hakuna kinachokukuta, makala ya wenzako utatumiwa tu kwa sababu tunaona haya kukunyima. Nilipendekeza tuwe tunanyima. Nikashindwa kwa kura, na nadhani walikuwa sahihi, kwa sababu anayeumia sio mkutubi mvivu, ni mgonjwa wa musawo aliyeuliza.

Tulichofanya badala yake ni kupunguza kazi. Hatuombi orodha nzima tena, tunaomba majarida ishirini tu kwa awamu, na mtunza orodha anakutumia yale ishirini yako yalivyo sasa, wewe unasema "sawa" au unarekebisha. Mtu anayeshindwa kuandika mia mbili anaweza kusoma ishirini akisubiri taksi ijae. Mwenyekiti naye tukampa kazi inayomfaa, kuandika barua. Anaandika kwa mkuu wa kila taasisi, kwa karatasi yenye nembo ya chama na muhuri, kuomba mkutubi wake aruhusiwe saa mbili Ijumaa ya mwisho ya mwezi kwa ajili ya kazi ya pamoja. Bosi wangu, yule yule wa kubeti, alisaini siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimemuomba kwa mdomo mwaka mzima, lakini wapi.

Kuna na ile sehemu ya uongozi isiyopendwa, ya kukataa. Mnajua Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitabibu, na Uganda tuko kundi la wasiolipa. Kila taasisi ina paswedi yake na mkutubi ndo anaitunza. Basi kijana mmoja kwenye grupu, kwa nia njema kabisa, akaandika paswedi ya taasisi yake, akasema ndugu zangu tushirikiane. Watu wakaweka makofi na moto! Mimi ikabidi niwe mchawi wa sherehe, nikaifuta nikampigia kijana nikamwomba aibadilishe siku hiyo hiyo, maana ruhusa wamepewa watu wa ile taasisi tu, na watu wakianza kushusha makala kwa fujo wachapishaji wanaona na wanafunga mlango wa taasisi nzima. Alinuna wiki mbili. Anayehitaji makala anaomba, mwenye nayo anamtumia, makala moja kwa mtu mmoja, hatutumi toleo zima maana kuna sheria ya hakimiliki ya 2006 na hatutaki chama kijulikane kwa hilo. Taasisi isiyo na Hinari tunaisaidia kujiandikisha, na huyo kijana aliyenuna ndo anayewasaidia kujaza fomu sasa hivi.

Faili sasa liko kwenye akaunti ya chama, sio ya mtu. Watunza orodha ni wawili, mmoja anaongoza mwingine anajifunza, kila mwaka anayejifunza anapanda na anatafutwa mwingine, na hawaruhusiwi kuwa wa ofisi moja. Makabidhiano yanafanyika wakiwa wamekaa meza moja, anayepokea ndo anayeshika kompyuta, anayetoa anakaza mikono kifuani anaongea tu. Hilo lilikuwa wazo la yule mweka hazina wetu wa zamani, alisema ukimwachia anayeondoka ashike kompyuta atakuonyesha haraka haraka utaitikia eeh eeh na ukifika nyumbani hukumbuki kitu. Mwaka huu tulikutania Wandegeya, juu ya rolex mbili, zile chapati za kuviringisha mayai, na chai, dada wa Gulu akipokea. Akafungua faili, akaingia mwenyewe, akabadilisha paswedi mbele yetu, kisha akasema ngoja nijaribu ile fomula ya kukagua namba. Ikatoka mistari mitatu myekundu. Akasoma jina la maktaba, akaniangalia, akarudi kuangalia kompyuta.

Yote mitatu yangu. Nilikuwa nimesahau X.