Paka wa Ufaransa, paa wa Unguja

Kauli nne za wanaowaandikia watoto upya hadithi za kigeni, kama ile ya paka mwenye mabuti, na majibu yake.

"Hadithi ya Kizungu huwa ya kwetu ukibadilisha majina na mavazi."
Mfalme anavikwa kilemba, kasri linaezekwa makuti, kazi imekwisha! Mtoto akiuliza huyu paka wa Unguja mabuti ya nini, mwandishi anababaika. Afadhali angesoma kwanza kisa cha Sultani Darai, kimo katika hadithi alizokusanya mmishonari Mwingereza Edward Steere Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Kisa kinakwenda sambamba na kile cha paka mwenye mabuti cha Mfaransa Charles Perrault (1697): mnyama mjanja anamsemea uongo bwana wake fukara hadi anaozwa binti wa mfalme. Hata hila ya kudai kwamba bwana kaporwa na wanyang'anyi imo kotekote. Ila huku fukara anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni, anamnunua paa kutoka tundu la mchuuzi. Na badala ya zimwi la kugeuka panya, yupo nyoka wa vichwa saba, anayekatwa kwa upanga. Hapo huhitaji kilemba.

"Perrault ndiye aliyeanza, wengine wameiga."
Straparola wa Italia alishachapisha kisa cha paka wa aina hiyo miaka ya 1550. Mabuti hana.

"Mwisho mchungu haufai watoto."
Hapa ndipo wahariri wanapoharibu. Paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa, panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Paa anaugua, na bwana ambaye paa alimtoa jaani anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, basi. Mke anamlilia, mume hajali. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Kisha bwana anaamka na kujikuta palepale jaani, anachakura. Ukimponya paa ili watoto wasilie, kurudi jaani kunakosa sababu, na kisa kizima kinabaki bahati nasibu tu. Watoto wanaujua utovu wa fadhila. Muulize yeyote aliyemmegea mwenzake andazi jana, leo akanyimwa.

"Picha ni pambo, maneno ndiyo hadithi."
Kitabu cha picha mara nyingi kina kurasa 32, na mtoto asiyejua kusoma anazisoma zote kwa macho. Ukimchorea swala wa Serengeti mwenye pembe ndefu, atauliza aliingiaje kwenye tundu la mchuuzi. Paa wa Unguja ni mdogo, anafika magotini tu.